Kihisi cha leza juu ya shimo la bati: kuchagua, kufunga, kusawazisha na kutunza

Kwenye mtambo wa kukata mabati tambarare, koili ya tani kadhaa, yaani bati refu lililoviringishwa, huzungushwa na dikoila, mashine ya kuifungua, upande mmoja. Upande wa pili rola huvuta bati kwa mikupuo: zinavuta, zinasimama, kisu kinashuka, zinavuta tena. Koili nzito namna hiyo haiwezi kusimama na kuondoka kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo katikati huchimbwa shimo, na bati huachwa lining'inie humo kama kamba iliyolegezwa. Hapa nitauita mning'inio huo tumbo. Tumbo likipungua mno, rola zinavuta bati lililokazika, linateleza, na urefu wa kila karatasi unapotea. Likizidi, linagusa sakafu ya shimo, linajikunja, na mtaipoteza nusu zamu mkilikata na kulitoa.

Kihisi cha leza, au sensa kama tunavyosema karakana, ndicho chombo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutumia kulinda tumbo hilo. Kinapima kina chake mfululizo, hakigusi kitu, na PLC, kompyuta inayoongoza mtambo, inaweza kuongoza kasi ya dikoila kwa ulaini badala ya kuwasha na kuzima. Lakini nimeona vihisi vya bei kubwa vikilaumiwa bure, na chanzo karibu kila mara ni kilekile: fundi alianza na katalogi kabla ya kulitazama bati. Leza haipimi umbali ulioko hewani. Inapima mwanga uliorudi kutoka kwenye uso fulani, na uso huo ukibadilika, habari inayorudi inabadilika pia.

Hatua ya 1: Pima shimo, kisha piga hesabu ya kusimama

Zima swichi kuu, weka kufuli na kadi yenye jina lako, ndipo ushuke shimoni na tepu ya chuma. Nitatumia vipimo vya mfano hadi mwisho, wewe weka vyako. Kihisi kitakaa milimita 500 juu ya mstari ambao bati linapita. Sakafu ya shimo iko milimita 3000 chini ya mstari huo. Tunataka tumbo lifanye kazi kati ya kina cha milimita 600 na 1800. Ukijumlisha zile 500 za juu, kihisi kitaona bati likiwa umbali wa milimita 1100 hadi 2300, na sakafu tupu ikiwa milimita 3500.

Kwa nini tusishuke chini ya 1800 wakati sakafu iko 3000? Hapa ndipo hesabu ya kusimama inapoingia, na wengi huiruka. Tuseme dikoila inatoa bati kwa mita 60 kwa dakika, yaani mita 1 kwa sekunde. Rola zikisimama ghafla, dikoila haiwezi kusimama nazo, kwa sababu uzito wa koili unaisukuma. Ikichukua sekunde 2 kusimama kwa kupungua sawasawa, itakuwa imetoa mita 1 zaidi ya bati. Bati hilo linagawanyika pande mbili za tumbo, hivyo tumbo linashuka takriban nusu yake, milimita 500. Kwa hiyo tumbo lililokuwa 1800 linaishia 2300, na bado tuna milimita 700 za usalama. Pima muda halisi wa kusimama ukiwa na koili kamili. Koili iliyobaki nusu itakudanganya, kwa kuwa ni nyepesi.

Mpaka wa juu nao una hesabu yake. Karatasi ya mita 2.4 ikivutwa kwa mkupuo mmoja huku dikoila imesimama kabisa, tumbo linapanda mita 1.2. Hiyo ndiyo nafasi yetu yote, kutoka 1800 hadi 600. Mnaokata karatasi ndefu zaidi mtategemea dikoila iendelee kutoa bati wakati rola zinavuta, na mtahitaji kutunza kasi yake kwa makini zaidi.

Hatua ya 2: Lijue bati lako

Bati lisilopakwa rangi, lile la aloi ya zinki na aluminiamu, linameta karibu kama kioo. Mwale wa leza ukiligonga, sehemu kubwa ya mwanga inaruka upande mmoja kama mpira uliogonga ukuta, na sehemu ndogo tu inatawanyika kila upande. Kihisi cha kawaida kinategemea ile inayotawanyika. Kesho yake mtambo uleule unapakia koili iliyopakwa rangi ya mkaa, ambayo inameza mwanga. Kihisi kimoja kinatakiwa kuyasoma mabati yote mawili bila kubadilishiwa mpangilio, na juu yake kuna utando wa mafuta ya kinga usiolingana popote.

Ndiyo maana namba kubwa iliyoandikwa mbele ya katalogi haisaidii sana. Watengenezaji hutoa masafa ya kihisi kwa nyuso tatu za majaribio: nyeupe inayorudisha asilimia 90 ya mwanga, kijivu asilimia 18, na nyeusi asilimia 6. Kihisi kinachofika mita 10 kwenye nyeupe kinaweza kufika sehemu ndogo tu ya hapo kwenye nyeusi. Soma safu ya asilimia 6. Ikiwa inavuka mahitaji yako, kwetu milimita 2800 katika hali mbaya kabisa (kina cha 2300 na zile 500 za juu), endelea. Isipovuka, rudisha katalogi kabatini.

Kabla ya kununua, omba kihisi cha kujaribia, kata vipande vya kila aina ya bati mnayopitisha, viweke kwenye umbali wa karibu na wa mbali, kisha viinamishe kidogo kidogo huku ukisoma namba. Saa mbili za kazi hii zina thamani kuliko wiki ya kusoma karatasi.

Hatua ya 3: Chagua kanuni ya upimaji

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya pembetatu: kihisi kinatuma nukta ya mwanga, na lenzi ya pembeni inaiona nukta hiyo ikihama kadiri uso unavyosogea. Njia hii inaweza kupima kwa usahihi wa sehemu ndogo sana ya milimita, lakini kwa umbali mfupi, mara nyingi ndani ya nusu mita. Inafaa kupima unene wa ubao, urefu wa bidhaa kwenye mkanda, au kuona kama kifuniko kimekaa sawa.

Ya pili ni ya muda wa safari ya mwanga. Kihisi kinatuma mwanga na kupima umechukua muda gani kwenda na kurudi, ama kwa mipigo mifupi, ama kwa kulinganisha mawimbi yaliyotoka na yaliyorudi. Mwanga husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde 1, kwa hiyo tofauti ya milimita 1, kwenda na kurudi, ni pikosekunde 6.7 hivi. Ukilifikiria hilo, utaelewa kwa nini vihisi hivi havijivunii maikromita. Usahihi wa milimita chache hadi kumi ni wa kawaida, na kwa tumbo la bati unatosha kabisa.

Kwa shimo letu, chukua cha muda wa safari. Kwa kreni ya juu inayotembea makumi ya mita, kuna vihisi vya namna hiyohiyo vinavyolenga kiakisi maalumu kilichofungwa kwenye kreni, lakini hivyo havifai hapa kwa kuwa bati haliwezi kubandikwa kiakisi.

Angalia pia kundi la leza kwa IEC 60825-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa leza. Kundi la 1 halina hatari katika matumizi ya kawaida. Kundi la 2 ni mwanga unaoonekana usiozidi miliwati 1, ambapo kufumba jicho ndani ya robo sekunde kunatosha kulilinda. Kwenye bati linalometa, mwale unaweza kuruka hadi mahali usipotarajia, kwa hiyo sipendekezi kupita kundi la 2 hapa, na kibandiko cha onyo kibandikwe mahali kinaposomeka.

Jambo moja lisilo na mjadala: kihisi hiki hakilindi watu. Hata kikionyesha kwamba kuna mtu shimoni, usikitumie kusimamisha mtambo kwa ajili ya usalama wake. Kazi hiyo ni ya vifaa vya usalama vilivyothibitishwa, uzio na kufuli.

Hatua ya 4: Kifunge mahali panapostahili

Kifunge juu, kikitazama chini. Ukikiweka chini kikitazama juu, mafuta na vumbi la zinki vitadondokea lenzi, na ndani ya siku chache kitakuwa kipofu. Kishikizo kifungwe kwenye nguzo ya jengo au fremu yake yenyewe, kamwe si kwenye dikoila, kwa sababu mtetemo wa koili utaingia kwenye kila kipimo. Tumia chuma kizito. Kishikizo cha bati jembamba kinacheza, na mtu akikiegemea mara moja tu, kazi yote ya kusawazisha imepotea.

Lenga sehemu ya chini kabisa ya tumbo, kwa sababu hapo ndipo bati liko mlalo. Pembeni bati limeinama, na kipimo kinabadilika kwa mwinamo, si kwa kina. Kisha inamisha kihisi kama nyuzi 5 kuelekea upande wa upana wa bati, si upande linakotembea. Ukikiacha wima kabisa juu ya bati linalometa, mwanga unarudi moja kwa moja kwenye lenzi kama mtu aliyemulikwa tochi usoni, na kipokezi kinazidiwa. Sekunde inayofuata tumbo linayumba kidogo, mwanga huo wote unakwenda kando, na namba inaruka. Kwa nyuzi 5, ule mruko wa kioo unapita pembeni daima, na kihisi kinabaki na mwanga uliotawanyika, mdogo lakini wa kudumu.

Kuinamisha kuna gharama ndogo. Umbali unaosomwa unazidi ule wa wima kwa asilimia 0.4 hivi, yaani milimita 8 kwenye mita 2, na kwa kuwa unazidi kwa uwiano uleule kote, kusawazisha kutauondoa. Nukta nayo inahama kwa upana kadiri tumbo linavyoshuka: kati ya umbali wa 1100 na 2800 inatembea karibu milimita 150. Hakikisha haitoki nje ya bati jembamba kuliko yote mnayopitisha.

Halafu tazama paa. Kwenye kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, kipimo kilikuwa kizuri asubuhi na kikaanza kurukaruka kila siku baada ya saa tisa alasiri. Tulibadilisha kebo, tukabadilisha kadi ya PLC, hadi siku moja nikaketi pale shimoni mchana kutwa. Jua la alasiri lilikuwa likipenya kwenye shiti za plastiki za kupitishia mwanga, likigonga bati, na kuingia moja kwa moja kwenye lenzi. Kipande cha bomba cheusi cha sentimita 15 mbele ya lenzi, kipana kuliko njia ya mwale unaotoka na unaorudi, kilimaliza tatizo.

Hatua ya 5: Nyaya

Vihisi vingi vya namna hii vina soketi ya duara ya M12. Rangi za kawaida ni kahawia kwa volti 24, bluu kwa 0 V, nyeusi kwa towe (njia ya kutolea ishara) la kwanza na nyeupe kwa towe la pili, ambalo mara nyingi ndilo la analogi. Hata hivyo soma mchoro uliochapishwa kwenye kihisi chenyewe, kwa kuwa wapo wanaobadilisha.

Ukipewa uchaguzi kati ya volti 0–10 na miliampea 4–20, chukua miliampea. Sababu ni hii. Kihisi kinakula, tuseme, miliampea 100, na mkondo huo unarudi kwenye waya wa bluu. Waya wa shaba wa milimita 0.34 za mraba una ukinzani wa omu 2.6 hivi kwa mita 50. Kwa hiyo ncha ya bluu kwenye kihisi iko volti 0.26 juu ya ncha ya bluu kwenye paneli. Ikiwa kadi ya PLC inapima volti 0–10 kwa kutumia bluu hiyohiyo, volti 0.26 ni asilimia 2.6 ya kipimo, na kwenye masafa yetu ya milimita 2000, tutakayoyaweka Hatua ya 6, hilo ni kosa la milimita 52. Mkondo wa 4–20 hauguswi na jambo hilo: miliampea zilizotoka ndizo zinazofika. Juu ya hayo, waya ukikatika mkondo unashuka hadi 0, na PLC inajua kwamba kuna hitilafu badala ya kudhani bati liko karibu.

Tumia kebo yenye ngao, ipitishe mbali na kebo za inveta ya dikoila (kifaa kinachoongoza kasi ya mota yake), sentimita 30 kama nafasi ipo, na mkizipishanisha basi zipishane kwa pembe mraba. Hakikisha ukinzani wa ingizo la kadi hauzidi mzigo ambao kihisi kinaruhusu. Omu 500 ni kikomo cha kawaida, na kadi nyingi za mkondo ziko chini sana ya hapo.

Kama kihisi na PLC vinaelewa IO-Link, njia ya mawasiliano ya kidijitali, unaweza kupata kipimo kwa namba moja kwa moja, pamoja na habari ya nguvu ya mwanga uliorudi, kwa waya wa kawaida usio na ngao wa hadi mita 20. Ile namba ya nguvu ya mwanga ni hazina, kwa sababu inakuonyesha lenzi ikichafuka siku nyingi kabla ya kipimo kuharibika.

Hatua ya 6: Weka mipaka na usawazishe

Washa kihisi na ukiache nusu saa kipate joto lake la kazi. Kipimo cha dakika ya kwanza si sawa na cha dakika ya thelathini.

Weka miliampea 4 kwa umbali wa milimita 1000 na miliampea 20 kwa milimita 3000. Hali yoyote ya kawaida ya tumbo imo ndani, hata ile ya kusimama ghafla, na sakafu ya 3500 imebaki nje. Hilo ni la makusudi: bati likikatika au koili ikiisha, kihisi kinaona kitu kilicho nje ya mipaka. Soma kwenye kitabu chake kinatoa mkondo gani hali hiyo ikitokea. Vingine vinabaki 20, vingine vinapanda kidogo, vingine vinashuka chini ya 4. Kama kinakuruhusu kuchagua, chagua mkondo wa juu.

Kwenye PLC za Siemens za S7-1200 na S7-1500, mkondo wa 4–20 unasomwa kama namba, tuiite X, kutoka 0 hadi 27648. Kwa hiyo:

umbali = 1000 + (X ÷ 27648) × 2000

kina cha tumbo = umbali − 500

X ikiwa 13824, umbali ni 2000 na kina ni 1500. PLC nyingine zina namba nyingine, lakini hesabu ni ileile. Kila miliampea ni 1728 za X, hivyo miliampea 3.8 ni −346 na 20.5 ni 28512. Chochote nje ya namba hizo mbili kihesabiwe hitilafu.

Sasa usawazishe kwa mkono. Weka kipande cha bati halisi, si karatasi nyeupe, kwenye kina cha 600, 1200 na 1800, ukikipima kila mara kwa tepu kutoka kwenye mstari wa bati. Andika tepu na PLC kando kwa kando. Tofauti ikiwa ileile kote, rekebisha zile 1000 za mwanzo. Ikiongezeka kadiri unavyoshuka, rekebisha zile 2000. Hapo ndipo ule mwinamo wa nyuzi 5 unapoondoka. Rudia kwa bati la rangi ya mkaa. Ukiona bati linalometa na la mkaa vinatofautiana kwa zaidi ya milimita 20, usirekebishe programu. Rudi kwenye mwinamo.

Hatua ya 7: Programu, na kosa lililojificha

Uongozi wenyewe ni mwepesi. Kina 600, dikoila iende kasi ya juu. Kina 1800, isimame. Katikati, kasi ishuke kwa uwiano. Tumbo litapumua kila karatasi inapovutwa, na hilo ni sawa. Usijaribu kulinyamazisha, kwani ukifukuzia kila pumzi utaichosha inveta na breki. Kwa kusafisha vipimo, panga vitano vya mwisho kwa ukubwa na uchukue cha katikati. Kinatupa namba moja iliyoruka bila kuchelewesha sana. Wastani wa vipimo vingi unapendeza kwenye skrini, lakini tumbo linashuka nusu mita kwa sekunde rola zikisimama, na kila sehemu ya kumi ya sekunde unayochelewa ni milimita 50.

Sasa fikiria kila hitilafu inaelekea wapi. Waya ukikatika, PLC inasimamisha dikoila: salama. Bati likiisha, kihisi kinaona mbali: dikoila inasimama, salama. Lakini tone la mafuta likikaa kwenye lenzi, au utando wa buibui ukitanda mbele yake, kihisi kinaweza kusoma karibu. PLC inaamini tumbo limepungua, inaongeza kasi, na bati linamwagika shimoni huku skrini ikionyesha kila kitu kiko sawa. Hii ndiyo hitilafu ninayoiogopa kuliko zote, na kipimo chenyewe hakiwezi kukuonya juu yake.

Kwa hiyo weka ulinzi wa aina mbili. Kwanza, jicho la mwanga la kawaida, lenye kiakisi, likikatiza shimo kwenye kina cha milimita 2400, limeungwa kwenye saketi ya kusimamisha bila kupitia hesabu ya kihisi. Pili, katika programu: ikiwa dikoila imetoa bati kwa sekunde 3 huku rola zimesimama, na kina hakijaongezeka, simamisha na upige king'ora.

Hatua ya 8: Matunzo

Kila wiki, mtambo ukiwa umefungwa, futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba chenye alkoholi ya isopropili kidogo. Matambara ya karakana yana chembe za chuma, na mkwaruzo mmoja hautoki tena. Ukiweka hewa ya kupuliza lenzi, chuja mafuta ya kompresa kwanza, la sivyo utakuwa unaipaka mafuta mwaka mzima.

Kila mwezi, weka kile kipande cha bati kwenye kina cha 1200 na uandike namba kwenye daftari lililo ndani ya mlango wa paneli. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ziandikwe mipaka ya 4 na 20, mwinamo, na namba zilizorekebishwa, ili siku kihisi kitakapokufa usiku wa manane, fundi wa zamu afunge kipya na kuendelea bila kukupigia simu.